Ulikuwa Ukiangalia Wapi?

Wiki hii mchungaji amenipa ukurasa huu niandike, na nilimwambia mapema kwamba wengine hawatafurahia. Nawaomba msome hadi mwisho kabla hamjanipigia simu.

Wengi mnanijua kama dereva wa zamani wa trela. Miaka 18 nilikuwa kwenye barabara ya Mombasa hadi Malaba, na wakati mwingine Busia. Mnakumbuka pia Jumapili ile niliposimama mbele yenu na bandeji kichwani, nikatoa ushuhuda jinsi breki zilivyokataa kwenye mteremko wa Sachangwan, na jinsi Bwana alivyonitoa kwenye mdomo wa mauti. Mlipiga makofi na vigelegele. Kuna mama alilia.

Wapendwa, breki hazikukataa. Breki zilikuwa sawa kabisa.

Ukweli ni huu. Nilikuwa natoka Malaba na mbao, naelekea Nairobi. Ilikuwa kama saa kumi jioni, manyunyu, barabara inateleza. Tulikuwa tumepita Mau Summit, tunaanza kushuka, simu ikalia. Alikuwa mzee mmoja wa kamati yetu ya ujenzi. Bei ya mabati ilikuwa imepanda na mwenye duka alitaka jibu siku hiyohiyo. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika pesa. Nikapokea. Nikaanza kupiga hesabu kwa mdomo: mabati mangapi, misumari kilo ngapi, na tupunguze wapi. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine sikioni. Dereva yeyote wa trela anajua kwamba gia unairudisha kabla ya mteremko, si katikati yake. Mimi sikurudisha.

Tanboi wangu alikuwa ameona. Ni kijana wa huku kwetu, mtulivu, ananiita mzee. Aliniambia baadaye kwamba aliona mshale wa spidi ukipanda, akaona trela ya simiti mbele yetu inatambaa, akakohoa. Halafu akasema, "Mzee..." Nikamwinulia kidole anyamaze, kwa sababu nilikuwa naongea mambo ya kanisa.

Nilipoinua macho, mgongo wa ile trela ulikuwa umejaza kioo chote. Nikakata kushoto. Upande wa kushoto ndiko kulikuwa na ukingo wa udongo, na ndiko kijana alikokuwa ameketi. Mimi nilipasuka kichwa kidogo. Yeye walimkata mguu chini ya goti.

Baadaye niliangalia simu. Ilionyesha tuliongea dakika 1 na sekunde 40.

Mama yake alikuja hospitalini kutoka Amukura. Hakulia, hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, ulikuwa ukiangalia wapi?" Nikamjibu, "Mama, breki zilikataa." Kijana alikuwa amelala pale, anasikia. Alinyamaza tena, mara ya pili, kwa heshima ileile.

Tangu siku hiyo swali la yule mama halijaniacha, na ndilo limenifanya nianze kusoma habari za ajali. Nilianza na za magari, lakini nyingi hazina maelezo. Polisi wanaandika mistari michache, bima inalipa au haitaki, basi. Ajali za ndege ni tofauti. Ndege kubwa zina chombo kinachorekodi sauti za marubani, na kingine kinachorekodi mwendo wa ndege. Wachunguzi wanakaa miezi mingi wakiuliza swali la yule mama: walikuwa wakiangalia wapi?

Msiseme ndege ni mambo ya mbali. Sisi wa Busia tunakumbuka tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri ilipopaa kutoka kiwanja chetu ikagonga nyaya za umeme. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alikufa pamoja na marubani wawili. Hiyo ilikuwa inapaa. Mimi nilivutwa na zile zinazoshuka, kwa sababu mimi pia nilikuwa nashuka.

Ndege inaposhuka kwenye mawingu, rubani haoni ardhi. Anategemea namba: tuko futi ngapi juu, na tunaruhusiwa kushuka hadi futi ngapi. Kwa hiyo mmoja anaendesha na mwenzake anasoma urefu kwa sauti. Wakikosea hiyo namba, au wakiacha kuitazama, ardhi haiwangoji.

Septemba 1974, jumbo ya British Airways ilikuwa inashuka kuelekea kiwanja cha Embakasi, Nairobi. Iliambiwa ishuke hadi futi 7,500. Marubani wakaelewa 5,000. Sasa fikirieni: kiwanja chenyewe kiko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari, na urefu huo umeandikwa kwenye ramani ya kila rubani anayetua pale. Walikuwa wanashuka kwenda mahali palipo chini ya udongo, na hakuna aliyesimama kusema, "Hebu ngojeni, hiyo namba haiwezekani." Walitoka kwenye wingu wakaona ardhi iko pale pale, wakavuta ndege juu. Walikuwa wamebakiza chini ya futi 100. Hakuna aliyekufa.

Miaka 14 baadaye, tarehe 17 Oktoba 1988, ndege ya majirani zetu, Uganda Airlines, ilikuwa safarini kutoka London kwenda Entebbe kupitia Roma. Roma kulikuwa na ukungu. Walijaribu kutua mara mbili wakashindwa. Mara ya tatu walishuka chini ya urefu unaoruhusiwa kabla hawajaiona njia ya kutua, wakaanguka. Watu 33 walikufa kati ya 52. Wachunguzi walisema wafanyakazi wa ndege hawakuwa wamejiandaa vya kutosha kwa utuaji wa namna ile, hasa katika kupeana kazi na kusoma urefu kwa sauti. Walisema pia kwamba huenda nahodha alikuwa amechoka.

Na kuna ile ya Marekani, Desemba 1972, karibu na Miami. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limetoka haikuwaka. Marubani wakaiacha ndege ijiendeshe kwenye futi 2,000, wote wakainamia ile taa. Bila wao kujua, mtambo ukaacha kushikilia urefu, ndege ikaanza kushuka polepole. Kengele ndogo ikalia, hakuna aliyeiitikia. Ikaanguka kwenye kinamasi na watu wapatao 100 wakafa. Gurudumu lilikuwa limetoka vizuri. Ni balbu tu ilikuwa imeungua.

Niliposoma hiyo ya balbu, niliweka karatasi chini nikatoka nje. Balbu yao ilikuwa mabati yangu.

Sasa swali langu kwenu ni hili, na nimelibeba miaka miwili: je, kutoangalia ni dhambi?

Ndugu mmoja mpendwa aliniambia hapana. Alisema dhambi ni ya moyo, na moyo wako haukukusudia. Wewe ulikuwa unamtumikia Mungu hata katika dakika ile. Adui alitega tu. Maneno hayo yalinifariji kama wiki moja.

Kwa upande mmoja ana haki. Neno la Mungu halimweki mtu asiyekusudia kwenye kiti kimoja na muuaji. Someni Kumbukumbu la Torati 19: mtu anakata kuni, shoka linachomoka kwenye mpini, linamwua jirani yake. Huyo anakimbilia mji wa makimbilio, na hakuna ruhusa ya kumwua. Lakini endeleeni hadi Hesabu 35. Mtu huyo harudi nyumbani jioni hiyo akala chakula chake. Anakaa kwenye ule mji hadi kuhani mkuu afe. Mungu hakusema yeye ni muuaji, na pia hakusema hakuna kilichotokea.

Tena sheria inakwenda mbali zaidi. Ukijenga nyumba, weka ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Ukiwa na ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe, na umeshaonywa, ukamwacha, hesabu ni yako. Hakuna kusudi la kuua hapo. Kuna mtu aliyepaswa kuangalia, naye hakuangalia.

Na katika 1 Wafalme 20 kuna nabii aliyemsimulia mfalme Ahabu habari ya askari aliyepewa mateka amlinde. Aliambiwa akimpoteza, atalipa kwa uhai wake au kwa fedha. Askari akashughulika na hiki na kile, akigeuka, mateka hayuko. Angalieni kwamba nabii hakusema askari alilala, wala alilewa. Alikuwa na shughuli. Hata mfalme yule mwovu aliona mara moja kwamba kushughulika si jibu.

Mimi nilijitetea hivi kwa muda mrefu: mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoona kitu ambacho hakukiona. Ile trela sikuchagua kutoiona. Haikuwa kwenye macho yangu, basi. Na hiyo ni kweli. Lakini mkirudi nyuma kidogo tu, mnafika mahali nilipochagua. Nilichagua kupokea simu. Nilichagua kuinua kidole. Kutoona kwangu kulikuwa na mlango, na mlango huo niliupita nikiwa nimefumbua macho. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Iko pale mwanzo wa mteremko, ambapo nilikuwa bado na nafasi.

Ndiyo maana nasema macho ni deni. Ukikubali kubeba mtu, umekubali kumpa macho yako kwa muda wote wa safari. Si ya kwako tena ya kugawa utakavyo, hata kwa jambo jema. Wapendwa, mimi sikuharibikiwa na pombe wala miraa. Niliharibikiwa na mabati ya nyumba ya Mungu. Jambo lilikuwa jema, lakini saa yake haikuwa ile, na waliopaswa kuyalipia mabati hayo ni sisi wote kwa sadaka, si kijana mmoja kwa mguu wake.

Kuna mtu atasema, "Lakini sisi wote tunapokea simu barabarani na tunafika." Ni kweli. Mimi mwenyewe nilipokea simu kwenye mteremko uleule mara nyingi sana. Nilifika Nakuru, nikala ugali, nikamshukuru Mungu kwa safari njema. Lakini fikirieni wale wa Embakasi na wale wa Roma. Wote walishuka chini ya pale walipopaswa kusimama. Wa kwanza walitoka kwenye wingu wakiwa bado na futi chache, wakarudi kwa watoto wao. Wa pili hawakuzipata hizo futi. Je, wa kwanza walikuwa watu wazuri zaidi? Mimi naona kosa linafanana. Kilichotofautiana ni deni lililobaki baada yake. Kwa hiyo wewe uliyefika salama, shukuru, lakini usiseme ulifanya vizuri. Umesamehewa deni ambalo mimi nitalipa hadi nife.

Sasa kuhusu kile kidole. Nimefikiria kijana angefanya nini. Angenipigia kelele? Angeninyang'anya simu? Sisi ndio tumemfundisha kwamba kumkatiza mkubwa ni utovu wa adabu, na kumkatiza mkubwa anayeongea mambo ya kanisa ni kama kumkatiza Mungu. Siku hizi marubani wadogo wanafundishwa kusema wakiona hatari, na manahodha wanafundishwa kusikiliza. Mimi sisemi vijana wasituheshimu. Nasema heshima inayomwacha mzee apeleke gari kwenye ukingo haimsaidii mzee, na mzee anayeitaka heshima hiyo hampendi kijana. Kosa la ule ukimya ni langu. Yeye alisema "mzee" mara moja, na mara moja ilitosha.

Lakini nisijifiche nyuma ya kosa dogo nikaacha kubwa. Kutoangalia kwangu kwa kwanza kulichukua dakika 1 na sekunde 40. Kwa pili kulichukua miaka miwili. Nilikataa kuangalia nilichofanya. Nilisema breki, na ile breki ilikuwa na mtu nyuma yake: fundi aliyeihudumia. Tajiri wa lori alimfukuza kazi kwa sababu ya neno langu. Mtu ana watoto wanne. Mimi nilikuwa hapa nimeketi kiti cha mbele, mnanishika mkono, mnaniita shujaa wa imani.

Mwezi huohuo wa Septemba 1974, ndege moja ilianguka huko Charlotte, Marekani, ikishuka kwenye ukungu, na watu zaidi ya 70 wakafa. Chombo cha sauti kilionyesha kwamba marubani walikuwa wanapiga stori za siasa na magari ya mitumba. Ni aibu kusikia hivyo juu ya marehemu. Lakini kwa sababu ukweli ulijulikana, mwaka 1981 serikali ya Marekani iliweka sheria: ndege ikiwa chini ya futi 10,000, marubani hawaruhusiwi kuongea wala kufanya lolote lisilohusu kuiendesha salama. Marubani wa nchi nyingi wanafuata kanuni hiyo, hata wanaopita juu ya vichwa vyetu hapa. Lau mtu angesema "ni injini iliharibika", na wote wakaamini, hakuna ambaye angejifunza kitu. Ushuhuda wangu wa uongo uliwafanya mmsifu Mungu, lakini haukumfundisha dereva hata mmoja wa kanisa hili kuzima simu. Na tuna madereva wengi hapa, na vijana wa boda ambao najua simu ziko ndani ya helmeti saa hii.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa tajiri nikamwambia ukweli. Alinitukana, na alikuwa na haki. Kisha nikamtafuta fundi. Nilimpata kwenye gereji ndogo Bungoma. Alinisikiliza akiwa na spana mkononi, akasema atafikiria kama ataweza kuniangalia usoni. Bado anafikiria. Nimeanza kumtumia kitu kidogo kila mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza alikirudisha, mara ya pili hakukirudisha.

Kijana ana kibanda cha kubadilisha pesa pale Malaba, karibu na mpaka. Ananiita mzee mpaka leo. Nilimwambia, "Siku nyingine ukiona naelekea kubaya, piga kelele." Akacheka, akasema, "Mzee, siku hiyo sitakohoa."

Mwisho nilikwenda Amukura. Nilimkuta mama yake anaanika mahindi. Nikamwambia, "Mama, uliniuliza swali hospitalini. Nilikuwa naangalia hesabu ya mabati, nikiongea na simu. Breki zilikuwa nzima." Alikaa kimya muda mrefu, mkono ukiendelea kutandaza mahindi. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama nimekula.

Wapendwa, sijui futi 10,000 zako ni zipi. Labda ni dakika unazombeba mtoto wa mwenzio kwenye boda kutoka stejini Bumala. Labda ni wakati unamwogesha mtoto na beseni limejaa. Labda unahesabu dawa za mgonjwa, au mtoto wako amekuja jioni kukuambia jambo zito na wewe unasema "mm, mm" huku unasoma simu. Kila mmoja anazijua zake. Katika dakika hizo, jambo lingine lolote lingoje, hata kama ni la kanisa. Na nawaomba wazee wenzangu wa kamati: mkimpigia mtu, kwanza muulizeni kama anaendesha. Akisema ndiyo, kateni.

Kiti cha mbele nimekirudisha kwa mchungaji. Nitakaa nyuma, karibu na mlango. Ushuhuda ule naufuta mbele yenu leo, na huu ndio naweka mahali pake: Bwana alinitoa Sachangwan nikiwa hai, si kwa sababu nilikuwa na imani kuliko wengine, bali ili niishi na swali la yule mama nilijibu vizuri.

Tuombe. Baba, utusamehe yale tuliyoyafanya kwa makusudi, na yale yaliyotokea wakati hatukuwa tukiangalia. Uwape nguvu wale wanaobeba gharama ya kutoangalia kwetu. Utufundishe kuwasikia wadogo wanapotuita. Kwa jina la Yesu. Amina.